Hapana Kwenda Kushoto

Mama yetu hajawahi kunipa kazi ngumu kuliko ile aliyonipa asubuhi ya Jumamosi moja, amesimama mlangoni kwake Koboko, huku Uganda karibu na mpaka, birika mkononi. Aliitazama pikapu iliyopakiwa kayaki zetu, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja mmoja, zimefungwa kwa mipira ya tairi, kisha akamtazama mdogo wangu akikaza kamba za viatu, halafu akanigeukia mimi.

"Wewe ndiyo kubwa," akasema. "Yeye nakwenda na wewe, yeye narudi na wewe. Mimi hapana taka kusikia maneno ingine."

Nikamjibu sawa, mama. Ningejibu nini?

Niseme ukweli mapema: maji mimi siyapendi. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Arua, na maji ninayoelewana nayo ni yale yaliyotulia ndani ya ndoo. Klabu ya kayaki niliingia kwa sababu mdogo wangu aliingia. Yeye ni mkunga pale Koboko. Wiki nzima anaitwa huku na kule, mama huyu anazaa, yule anatoka damu, na siku moja aliniambia kwamba mtoni ndiko mahali pekee ambapo hakuna mtu anayemwita. Baada ya maneno hayo ningemzuiaje? Basi nikawa namfuata, huku moyo ukinidunda kuanzia Ijumaa jioni.

Kayaki zenyewe aliziacha mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kujenga madaraja, akamaliza kazi yake akarudi kwao. Zikamwangukia mtu wa Koboko ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwapitisha watalii kwenye maji makali ya Nile kule Jinja, na sasa amerudi nyumbani. Huyo tunamwita Kocha. Siku hiyo tulikuwa wanne tu: Kocha, mimi, mdogo wangu, na wakala mmoja wa forodha kutoka Oraba. Wakala huyu kazi yake ni kuyasemea malori mpakani, na mdomo wake haupumziki hata Jumamosi.

Kiswahili changu ndicho kichekesho cha klabu. Nikisema "usiende", wakala hujifanya kiziwi: "Ati nini, Mwalimu? Sema ya watu." Ya watu ni kile Kiswahili chetu cha askari na cha soko. Ukitaka kukataza jambo, unachukua "hapana", unaiweka mbele ya kitendo, umemaliza. Hapana kwenda. Hapana shika. Hapana lala hapa. Mimi nakipigia mistari myekundu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na watoto wananichukia kwa hilo. Lakini nikifika kwa mama, nakisema chote bila kujisikia, kwa sababu ndicho nilichonyonya.

Tulifika mto Kochi jua likiwa limepanda. Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku mbili mfululizo, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kelele zake tulizisikia kabla hatujashuka kwenye gari. Ukingoni kulikuwa na mama mmoja aliyeloweka muhogo wake mtoni, sasa anavuta magunia apande nayo juu kabla hayajachukuliwa na maji. Alitutazama tulivyovaa helmeti na majaketi ya kuelea, akatuhurumia waziwazi.

"Nyinyi natafuta maiti?" akauliza. "Nani nakufa?"

"Bado, mama," wakala akamjibu, akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Nilimwuliza Kocha kama si afadhali turudi, maji yakipungua tuje tena. Akatembea ukingoni kwa muda mrefu, akarusha kijiti na kukifuata kwa macho, akarudi. "Maji iko mingi," akasema, "lakini iko wazi. Mawe yote nafunikwa. Kwa mutu anajua, hii iko rahisi kuliko maji kidogo." Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuvaa. Alivaa helmeti juu ya kilemba chake, akaipiga makofi mawili kuona kama imekaa. Sijui kwa nini makofi yale mawili yalinikera hivyo. Nadhani ni kwa sababu hakuwa na hofu hata kidogo, hofu yote aliniachia mimi niibebe.

Wakala alikuwa anagombana na sketi. Sketi ni ule mpira unaovaa kiunoni, kisha unauvuta mpaka ukaziba mdomo wa kayaki ili maji yasiingie. "Shemeji zangu naona mimi na sketi," akalalamika, "nakuja chukua dada yao leo leo." Hata Kocha alicheka. Halafu akatukusanya akarudia kanuni zake, ambazo huzirudia kila safari hata kama amewaambia watu wale wale wiki iliyopita.

"Mto iko na kelele. Hapana sema na mdomo. Mkono tu. Na mkono naonyesha njia, hapana onyesha hatari. Wewe naonyesha jiwe, mutu nakwenda kwa jiwe. Mwalimu, nasikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikerwa kidogo kwamba ni mimi peke yangu niliyeulizwa.

Kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya mwamba, ukingo wa kulia, na mfuko wa kamba. Mtu akipinduka unamrushia mfuko, kamba inajifungua yenyewe hewani, anaishika, unamvuta. Kutoka pale niliona mto wote. Mbele yangu kidogo uligawanyika kwenye jiwe kubwa kama nyumba. Kushoto maji yaliruka sana, kulia yalikwenda kwa kasi lakini yamelala. Kocha alisema njia zote mbili zinapitika, kila mtu achague akifika. Yeye akatangulia, akapita kulia, akapotea nyuma ya jiwe ili akasubiri kwenye maji tulivu huko chini. Filimbi yake ikalia mara mbili, maana yake njoo. Wakala akaenda kushoto akipiga makelele ya harusi, akaruka, akazama, akaibuka, akapotea naye. Filimbi ikalia mara moja. Amefika salama.

Nikapumua. Amebaki mmoja, nikajiambia, tunywe chai twende zetu.

Wakati huo ndipo niliposikia ukingo wa pili ukikatika. Udongo uliteleza taratibu, na mti uliokuwa umeinama pale ukaenda nao, ukalala kati ya ukingo na lile jiwe, umeziba kabisa njia ya kushoto. Maji yalipita chini ya shina na katikati ya matawi. Kocha alikuwa nyuma ya jiwe, hakuuona. Mdogo wangu alikuwa juu, kwenye kona, hakuuona. Duniani kote niliyeuona ni mimi. Na filimbi ikalia mara mbili.

Akasukuma kayaki yake, akaja.

Alikuja katikati ya mto, mgongo umenyooka, kasia likiingia kulia, likiingia kushoto. Mkono wangu mmoja ulikuwa na mfuko wa kamba. Wa pili ulishika kichaka, kwa sababu mwamba ulikuwa unateleza nami nilikuwa naogopa kuanguka. Ningeachia kichaka ningeonyesha kulia. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Sikukiachia. Nikafungua mdomo, nikatoa ile sauti ninayonyamazishia darasa la wanafunzi sabini, na kilichotoka hakikuwa Kiswahili cha shule.

"Hapana kwenda kushoto!"

Alinitazama. Alitikisa kichwa kukubali, niliona vizuri kabisa, na kwa nusu pumzi nikamshukuru Mungu. Kisha akachota maji kwa nguvu upande wa kulia, na pua ya kayaki ikageuka kushoto.

Nilipiga kelele nyingine ambazo hazikuwa maneno. Kayaki iligonga shina kwa ubavu, ikainama upande maji yanakotokea, ikajaa, ikapinduka. Nikaona tumbo lake jekundu limebanwa kwenye mti, linatetemeka. Kichwa sikukiona. Nikarusha mfuko, kamba ikanasa kwenye tawi. Nikaivuta, ikaja na majani, nikairusha tena bila kuikunja, ikaanguka miguuni pangu. Nikaingia majini mpaka kiunoni, nikamwita kwa jina la utotoni ambalo hatulitumii tena, nikamwita mama, nikamwita Kocha. Mto haukunijali. Nilifikiri juu ya mlango wa Koboko, na birika, na jinsi nitakavyoshuka kwenye pikapu peke yangu.

Sijui ilichukua muda gani. Kocha baadaye alisema ni muda mfupi. Mimi nakataa mpaka leo. Helmeti nyeupe ikaibuka ng'ambo ya mti, ikazama, ikaibuka tena, na mkono chini yake. Alikuwa amejichomoa kwenye sketi na kupita chini ya shina, katikati ya matawi. Kocha alishakuja akipanda mkondo pembezoni, mdogo wangu akashika mkia wa kayaki yake, akavutwa hadi kwenye mchanga.

Nilipowafikia alikuwa amepiga magoti anatapika maji ya mto. Miguu yote miwili ilikuwa imechunwa na matawi kuanzia gotini. Nilitaka kumkumbatia, nikajikuta nimesimama tu. Kocha, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alikuwa anafoka.

"Nani naambia wewe kushoto? Mti iko pale! Nani naambia wewe?"

Mdogo wangu alinitazama mara moja, akaangalia mchanga. "Hapana mutu," akasema. "Mimi nasikia vibaya."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sauti ilipanda polepole, kama inavyopanda kila mtu anapoanza kupiga kelele, na maji yakala neno la kwanza. "Hapana" ilikwenda na mto. Kilichomfikia kilikuwa kizima, hakina kasoro, tena ni amri kabisa kwa Kiswahili chetu: kwenda kushoto. Ningesema "usiende", angalau maji yangelimeza neno lote, naye angebaki na swali. Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba kichwa chenyewe huweza kuwa cha mtu mwingine.

Ilinipasa kusema pale pale. Mimi ni yule mwalimu anayemsimamisha mtoto mbele ya wenzake akiri kosa lake, na ninajisifu kwa hilo. Lakini Kocha alikuwa anaendelea kumkemea mdogo wangu, kwamba hana masikio, kwamba wiki ijayo atakaa ukingoni, na mimi nikainama kukunja kamba. Niliikunja vizuri sana.

Tukapanda pikapu kurudi Koboko. Nilikaa nyuma na mdogo wangu, kati ya kayaki, nikimtazama kila pikapu iliporuka shimo, nisikie kama anapumua sawasawa. Nilikuwa nimesikia kwamba maji huweza kumfuata mtu hadi kitandani, yakamzamisha usiku akiwa amelala, na sikuthubutu kumwuliza kama ni kweli, ingawa yeye ndiye mtu wa hospitali.

Mama alitupokea, akatuhesabu kwa macho. Mdogo wangu alikuwa ameshajifunga kanga hadi vifundoni. "Maji iko nzuri leo, mama," akasema, akapita moja kwa moja chumbani. Nikamfuata na beseni la maji ya uvuguvugu, chumvi na bandeji zake mwenyewe za kazini, nikafunga mlango.

Alikaa kitandani, nikapiga magoti chini, nikaanza kuosha mguu wa kwanza. Mikwaruzo mingine ilikuwa mirefu, na vipande vya magome ya mti vimebaki ndani. Nilivitoa kimoja kimoja. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

"Nilisema hapana," nikamwambia. "Nilisema hapana kwenda kushoto."

"Mimi nasikia kwenda kushoto."

"Najua. Ni kosa langu. Nitamwambia Kocha kesho, nitamwambia na mama."

Akainua mabega, kana kwamba hayo ni mambo yangu na Kocha. Nikafunga bandeji. Kisha nikamwuliza lile lililokuwa likinitafuna tangu mtoni, kama yeye mwenyewe, alipofika kwenye jiwe, alikuwa amekusudia kupita wapi.

"Kulia," akasema. "Kule kwa kona mimi nashaona. Kulia maji nalala vizuri, njia iko. Mimi nakwenda kulia."

"Sasa mbona uligeuka?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hula.

"Si wewe nasema?"

Nikabaki nimeshika mkasi. Nje mama alikuwa anaita chai iko tayari. Mdogo wangu alimjibu kwamba tunakuja, akajiegemeza ukutani, akafumba macho, kisha akaninyooshea mguu wa pili.