Bondia Mgeni wa Toledo

Ukungu umelala juu ya mto Maumee, na Alonzo Guyton anakimbia ndani yake taratibu, macho nusu yamefumbwa. Jua likitoka atapanda juu ya paa la mtu na nyundo yake, kuezeka. Sasa hivi bado ni bondia.

Ana miaka thelathini na minane. Amepigana mara arobaini, ameshindwa thelathini na moja, na hajawahi kupigana Toledo, mji alikozaliwa.

“Mimi huwa mgeni,” anasema. “Simu inalia Jumatano, Jumamosi niko ulingoni kwenye mji wa mtu. Wananiita nije nishindwe vizuri.”

Na kweli hushindwa vizuri. Hakimbii, halalamiki. Vijana wanaochipukia hupitia kwake wakielekea kwenye mikanda ya ubingwa.

Masika iliyopita alipelekwa mji wa Saginaw kupambana na kijana ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Raundi ya pili ngumi ya kushoto ilimlaza chali.

Anaposimulia hapo, sauti yake hushuka.

“Kelele zote zikazimika. Nikamsikia mama yangu, marehemu, yuko jikoni anakaanga kambare. Ananiita, ‘We Lonzo, chakula kinapoa!’ Nikainuka niende kula. Kumbe refa ananihesabia, amefika nane.”

Raundi ya tano alimpiga yule kijana chini ya mbavu, naye hakuinuka. Kijana alipopata pumzi alilia, na Alonzo akamkumbatia mpaka baba yake alipokuja kumchukua.

Baada ya ushindi huo, simu haikulia tena.

“Nani atamwita mgeni anayemwaga mboga?” anauliza kocha wake, Earline Tubbs, mama mnene anayefundisha ngumi nyuma ya duka la matairi. “Nilimwambia, mwanangu, umejifukuza kazi kwa mkono wako mwenyewe!”

Kiangazi chote Alonzo alishinda juu ya mapaa. Mwenzake wa kazi, Dewitt, alikuwa akimkuta ameduwaa, misumari mdomoni, anatazama mawingu.

“Bingwa! Umeangushwa tena?”

“Nyamaza, Dewitt. Niko raundi ya sita.”

Earline hakukaa kimya. Alizunguka mji mzima akiomba ukumbi, hadi akapata pambano la Novemba, hapahapa Toledo. Lakini mkewe Alonzo, Nadine, alikataa katakata mpaka daktari ampime.

“Nimekukanda kwa barafu miaka kumi na mitano, baba. Hicho kichwa ni cha kwetu sote,” alimwambia. “Daktari akitikisa kichwa tu, unatundika glovu.”

Wiki iliyopita daktari alimpima. Alitazama picha za ubongo kwa muda mrefu, kisha akamruhusu pambano moja, la mwisho. Nadine alitoka nje akalia, halafu akarudi akauliza avae gauni gani.

Alonzo hasemi kama atashinda. Anachokitaka ni kukaa kwenye chumba cha kuvalia na kusikia mwingine akiitwa kwanza, kama anavyoitwa mgeni, ndipo jina lake lifuate, na watu wanaomjua wapige kelele.

Na baadaye? Miaka yote alirudi nyumbani amelala kiti cha nyuma cha gari, akiamka kwenye barabara asizozijua.

“Ukumbi uko mitaa minne tu kutoka kwetu,” anasema, akitabasamu. “Nadine amesema tutarudi kwa miguu, polepole.”