Saini ya Ukurasa wa Arobaini na Saba

Kiwandani tulimwita Nukta, na mwenyewe aliitika. Alisahihisha vitabu vya shule kwa miaka ishirini na miwili, na kumi na miwili ya mwisho mimi ndiye niliyekaa naye meza moja, uso kwa uso, katika chumba chenye dirisha lililogoma kufunguka. Mitambo ya kuchapa ilikuwa chini yetu. Ikianza kazi, sakafu ilitetemeka na penseli zikaviringika hadi ukingoni mwa meza. Yeye alizidaka bila hata kuziangalia.

Kazi yetu ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti karatasi ya majaribio, ambayo sisi huiita prufu, na anataja kila mkato na kila nukta. Mwingine anafuata kwa kidole kwenye mswada wa mwandishi. Kikisomwa kitu kisicholingana na mswada, mwenye mswada husema neno moja tu: tofauti. Msomaji husimama papo hapo, kosa likarekebishwa, ndipo tukaendelea. Hakuna cha kujadiliana wala cha kukisia mwandishi alikuwa na maana gani. Ukurasa ukiisha, Nukta alitia saini chini kulia, herufi mbili zilizoshikana, na fundi mashine hakuwasha mtambo mpaka aione. Meneja aliwahi kujaribu kumpelekea ukurasa wenye saini yake mwenyewe kwa kuwa alikuwa na haraka. Fundi aliutazama, akasema saini hii haijui, na meneja na umeneja wake wote akapanda ngazi kuja kwetu.

Mimi nina ulimi mkali, sikatai. Tangu mkewe afariki nilikuwa nikimtania kwamba siku moja ataposa mkato, maana sioni kingine anachokipenda duniani. Alicheka puani. Nilikuwa namwonea tu, kwa sababu kulikuwa na bintiye. Yule msichana alikulia chini ya meza yetu. Alitoka shule na sare yake, akajikunja miguuni petu na daftari, na nadhani alijua maana ya "tofauti" kabla hajajua kuzidisha. Nywele zake nilizisuka mimi, kwenye kiti kilekile nilichosomea. Aliniita shangazi. Sikujaliwa mtoto, na huyo nilimhesabu kuwa nusu yake ni yangu.

Ujanani Nukta alipelekwa nchi ya mbali kujifunza uchapaji, akakaa miaka mitatu. Hakurudi akiisifia wala akiiponda. Alisema kule alimwona mtu kituo cha basi akimtukana mkuu wa nchi kwa sauti, na polisi akamwomba asogee kidogo kwa kuwa anaziba njia. Kulekule aliishi miezi saba kwenye jengo la ghorofa nne bila jirani hata mmoja kumsalimu, na mwanafunzi mwenzake aliyetoka huku kwetu alinyimwa chumba cha kupanga mara sita, kila mara kwa tabasamu. Vijana wakimuuliza wapi ni bora, aliwajibu kwamba kila nchi ina ukurasa wake wenye makosa. Kinachotofautiana ni nani anaruhusiwa kushika penseli.

Kisa kimoja alinisimulia mara moja tu. Siku za mwanzo kule, mwalimu aliwauliza wageni, mmoja mmoja, ni watoto wangapi kwao wanaomaliza shule. Yeye akasimama kifua mbele akasema wote, kama kitabu chake cha darasa la saba kilivyomfundisha. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, alimfungulia tu kitabu cha takwimu na kumwonyesha kwa kidole.

"Kuchekwa hakukuniuma," aliniambia. "Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeamini."

Basi ndiye huyo aliyeletewa kitabu kipya cha uraia. Ukurasa wa arobaini na saba ulikuwa na jedwali linalolinganisha nchi nne, yetu ikiwa ya mwisho: katika watoto mia wangapi wanamaliza sekondari, je, magazeti yanaweza kuikosoa serikali, na uongozi umewahi kubadilishwa kwa kura mara ngapi. Mwandishi, mwalimu mmoja wa sekondari, alikuwa ameijaza safu yetu bila kuipaka rangi. Thelathini na mmoja. Kwa shida. Haijatokea.

Jumatatu, saa nne asubuhi, aliingia afisa kutoka idara iliyokuwa inatuagizia vitabu, meneja akimfuata nyuma kama mkia. Hakukaa. Aliweka mezani kipande cha karatasi kilichopigwa chapa. Watoto wetu wamekuwa themanini na wanane, magazeti yanakosoa bila kikwazo, na uongozi hubadilishwa mara kwa mara. Nchi zile nyingine tatu hazikuguswa. Tulikuwa tumezipita zote ndani ya wikendi moja.

Nukta alisoma ile karatasi mara mbili, kisha akauliza kwa upole iko wapi saini ya mwandishi kando ya mabadiliko, kama utaratibu ulivyo. Meneja, akiangalia viatu vyake, akasema mwandishi amehamishiwa mahali ambapo simu hazishiki.

"Mzee, wewe ni macho tu," alisema afisa. "Macho hayachagui cha kuona."

"Ndiyo maana siwezi kusema nimekiona ambacho sijakiona," akajibu Nukta.

Afisa hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinyoosha tai yake, akasema kana kwamba anatuaga, "Faili la binti yako liko mezani kwangu. Msichana mwerevu sana. Umebaki mhuri mmoja tu, na Ijumaa mimi naanza likizo."

Mtu anayejua kuuma na kupuliza kwa pumzi moja, ni yule. Akatoka, na nyayo zake zikaisha ngazini. Msichana alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu cha nje, kila kitu kimelipwa, na wiki tatu zilikuwa zimebaki chuo kifunguliwe. Bila kibali chenye mhuri wa idara ile asingepanda ndege. Nafasi kama hiyo kwetu haipigi hodi mara mbili. Huku, darasa lake la kidato cha sita lilikuwa na wanafunzi tisini na kitabu kimoja cha fizikia, na walioshinda mitihani pamoja naye mwaka uliotangulia walikuwa wanauza vocha.

Jumanne ukurasa, umesharekebishwa kwa maneno ya afisa, ulilala mezani kati yetu. Tulisahihisha kitabu cha hesabu tukiuzunguka. Jumatano msichana alikuja, akanikuta ngazini, akaniuliza kwa kunong'ona kama baba ameshapata habari za kibali, maana kila akimuuliza anabadilisha mazungumzo. Alikuwa ameshapata sanduku la mtumba na kuandika jina lake juu kwa rangi nyeupe. Nilimwambia kibali kiko njiani. Nikapanda juu nikiwa nimewaka.

"Tia saini, kaka," nilimwambia. "Hilo ni jedwali. Nani anasoma majedwali?"

"Mtoto wa mtihani," alisema.

Akanieleza, kidole kikiwa juu ya ile safu, kwamba swali litatungwa kutoka hapa. Mtoto mmoja anayeishi pasipo na sekondari atajibu alichokiona kwa macho yake, na atapigwa mkasi wa wino mwekundu kwamba amekosa. Mwingine atakariri, atapata alama zote, na siku moja atasimama mbele ya watu kifua mbele. Nilimuuliza na yule wa kwako, yeye si mtoto? Aliondoa kidole kwenye safu, akauficha mkono chini ya meza. Nilimhurumia, na papo hapo nikamchukia, kwa sababu uaminifu wake ulikuwa unalipiwa na mtu mwingine.

Alhamisi hakuja kazini. Alikwenda kupanga foleni kwenye dirisha la idara kama raia yeyote, akiamini kwamba mhuri ni haki ya mwanawe na haki hudaiwa dirishani. Angeweza kusimama pale hadi kiyama. Mimi nilibaki peke yangu na ukurasa, kalamu yake na kiti chake kitupu.

Miaka kumi na miwili nimeiona saini ile ikitiwa, mara nyingi kuliko nilivyojiona kwenye kioo. Nilivuta prufu iliyorekebishwa kwa maneno ya afisa, nikaandika herufi mbili zilizoshikana, chini kulia. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Jambo hilo linanikera mpaka leo.

Nilishuka nayo. Fundi mashine aliikagua, akanyanyua nyusi.

"Mzee amekubali?"

"Si unaona?" nikasema.

Akawasha mtambo, na meneja akainua simu kumwarifu afisa. Niliporudi juu sakafu ilikuwa inatetemeka na penseli zinaanguka moja baada ya nyingine, wala hapakuwa na wa kuzidaka.

Ijumaa asubuhi Nukta alifika dirishani akakabidhiwa kibali, mhuri bado mbichi. Alikuja kiwandani moja kwa moja, amekishika kwa mikono miwili, anang'aa kama kijana. Alidhani ameshinda. Kisha akaona marobota ya karatasi zilizochapwa kando ya mtambo. Nilikuwa nimesimama juu ya ngazi. Nilimwona akimwomba fundi prufu, akaishika mbali kidogo na macho, akaitazama saini yake kwa muda mrefu sana. Watu walioweza kuitia katika jengo lile walikuwa wawili, na yeye alikuwa foleni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alipanda, akakaa, akaokota penseli sakafuni akazipanga. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu yote, ya kujitetea na ya kumshambulia. Hakunipa nafasi ya hata moja. "Tusome," alisema, akafungua kitabu kilichofuata. Msichana alisafiri. Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia mimi kwanza, na baba yake akatazama pembeni. Kwa miezi kumi na mitatu hakulitaja jambo lile. Angenitukana ningelala usingizi.

Baba na mwana walipigiana simu kila Jumapili, kwa hiyo ilipofika barua ya karatasi tulijua ina uzito. Nukta aliisoma kwa sauti mezani petu, na mikato yake yote, kwa mazoea. Chuoni kwa bintiye kulikuwa na somo la kulinganisha vitabu vya shule vya nchi mbalimbali. Mhadhiri alikuwa ameweka ukutani ukurasa wa arobaini na saba, na kando yake takwimu za kweli. Darasa lilicheka. Mwenzake mmoja alikuja baadaye kumpa pole, na pole ile ilimuuma kuliko kicheko.

Aliandika kwamba hakupofushwa na mazuri ya huko. Huko wanafunzi walimhoji waziri wao hadi akatoka jasho na hakuna aliyeitwa polisi, lakini mama mhamiaji anayefagia bweni lao alikuwa mwalimu wa fizikia nchini kwake, na vyeti vyake hakuna anayetaka hata kuvitazama. Vijana wengi huko hawapigi kura, wanasema wana shughuli. Wakati mwingine alitamani kuwashika mabega awatikise. Kisha akafika alikokuwa anaelekea. "Niliwaambia nimekulia chini ya meza kilikosahihishiwa kitabu hicho, na baba yangu asingetia saini ukurasa ule. Walinitazama kama mtoto mdogo. Baba, niambie kama nilisema kweli."

Nukta alikunja barua. Akachukua karatasi, akaandika kwa dakika kama kumi, taratibu, bila kufuta. Alipomaliza aliinua macho.

"Fuata," alisema.

Nikamwambia sina mswada.

"Unao," akasema.

Mitambo ilikuwa imezimwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Nilisikia maji yakidondoka bombani chini. Akaanza kusoma kwa sauti yake ya kazi, isiyo na huzuni wala furaha. "Mwanangu mpenzi, mkato, aliyeutia saini ukurasa ule ni mimi, mkato, kwa ajili ya mhuri wako, nukta."

Akanyamaza, kama anyamazavyo mwisho wa sentensi ili mwenye mswada apate nafasi. Nilielewa anachofanya. Alikuwa amenifunika, na angeibeba aibu ile mbele ya mtoto wake hadi kaburini. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, angeendelea na sentensi ya pili. Nikiongea, nitampoteza yule msichana, nami sina mwingine. Nilitazama chini ya meza, pale alipokuwa akijikunja na daftari lake, akisikiliza kila kitu.

"Tofauti," nikasema.

Msomaji husimama papo hapo. Alisimama. Akanigeuzia karatasi, akanisogezea kalamu, ileile. Nilikata neno "mimi", juu yake nikaandika "shangazi yako", na chini kulia nikatia saini yangu mwenyewe, ambayo kiwanda kile kilikuwa hakijawahi kuihitaji.