Nilivyomchora marehemu wa Mulongwe bila foto, na mdogo wake akadhani nimemzika yeye

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioingia humu muda huu.

Kwa miaka nimekuwa msomaji wa kimya, leo nimeona nami nitoe la kwangu. Lilinipata mwenyewe hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadili, maana mji wetu ni mdogo na kila mtu ana simu.

Kazi yangu ni uchoraji. Kabla hamjanipa heshima nisiyostahili: nachora vichwa kwenye mbao za saluni, maandishi kwenye pikipiki za teksi, majina ya mitumbwi.

Na picha za marehemu. Kwetu siku ya kuondoa tanga, familia huweka mezani picha kubwa ya aliyefariki, imefunikwa kitambaa, halafu inafunuliwa mbele ya ukoo wote.

Mbinu yangu ilikuwa moja tu. Unaniletea foto, naichorea viraba vidogo, kwenye ubao nachora viraba vikubwa, kisha nahamisha kiraba kimoja kimoja. Jicho likikaa kiraba cha tatu, nami naliweka cha tatu. Mwisho namvika marehemu koti na tai, hata kama maisha yake yote hakuwahi kugusa tai. Familia zinapenda.

Watu waliniita msanii. Moyoni nilijua mimi ni mashine ya fotokopi yenye miguu. Mtu akiniambia chora kitu kutoka kichwani, nilikuwa natafuta sababu ya kuondoka. Iliniuma, wakuu, kuliko nilivyoonyesha.

Basi akaja Mama Furaha, mjane kutoka mtaa wa Mulongwe. Mumewe alikuwa fundi wa mota za boti. Mafuriko yalibeba foto zake zote, simu, hata kadi yake ya mpiga kura. Akaniuliza kama naweza kumchora.

Hapo ndipo ningepaswa kusema siwezi. Nikasema naweza.

Marehemu alikuwa na mdogo wake, Deo, na kila mtu alisema wamefanana. Nikaona nimeshamaliza kazi. Nikaomba foto ya Deo, nikaipigia viraba, nikaongeza mvi kidogo, koti, tai, na msalaba pembeni. Nikajisifu kabisa.

Siku moja kabla ya kuondoa tanga, mchana, Mama Furaha na Deo wakaja kuitazama. Nikavuta kitambaa.

Deo aliangalia ule uso, akaangalia msalaba, akarudi kwenye uso.

"Fundi, unanizika minye niko muzima?"

Alisema polepole, na huo upole ndio ulionitisha. Kuweka sura ya mtu hai kwenye picha ya msiba si mzaha huku kwetu. Alitoka bila kuaga, nikasikia pikipiki yake ikiondoka.

Mama Furaha alibaki amesimama.

"Uyu haiko bwana yangu," akasema. "Na kesho batu banakuya. Bashemeki batasema nimeisha musahau sura." Alimaanisha mashemeji, ndugu za mumewe.

Nilitaka kumwambia atafute fundi mwingine. Mdomo nilishaufungua. Yeye akavuta kigoda, akaketi.

"Minye nitasema, weye uchore."

Nikaupaka ubao wote rangi nyeupe. Bila foto na bila viraba, ule weupe ulinitisha, nawaambia ukweli.

Nikamuuliza macho yake yalikuwaje.

"Ya kawaida."

Pua?

"Ya kawaida."

Nikachora, nikafuta. Nikachora tena, akatikisa kichwa, nikafuta. Jua lilikuwa linashuka na umeme hatukuwa nao.

Mwisho nikaacha kuuliza habari za pua. Nikauliza: mimi nikimkuta kazini nikamsalimia, atafanya nini?

Hakujibu kwa mdomo. Aligeuza kichwa, akakiinamisha kidogo, akanyanyua nyusi, midomo wazi kama mtu anayesubiri neno.

"Ataleta sikio ya kuume," akasema. "Ya kushoto ilikufa juu ya makelele ya mota. Kila muntu alikuwa anapita huku." Akagusa sikio lake la kulia.

Nilikuwa sijawahi kuchora kichwa kilichogeuka. Watu wangu wote wanatazama mbele kama wanapigwa foto ya kadi. Shingo niliikosea sijui mara ngapi, naye ananiambia chini, chini kidogo, hapo. Nilipofika kwenye lile sikio akaacha kunielekeza. Nikauliza kama nimekosea. Akatikisa kichwa, akajifuta macho kwa kitenge.

Nikauliza habari ya tai.

"Tai ya nini? Hata siku ya ndoa aliikataa."

Nikamvika ovaroli yake yenye mafuta.

Kesho yake rangi ilikuwa bado mbichi. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea, na niliichagua ile nafasi makusudi. Deo alikuja, hakunisalimia.

Kitambaa kikaondolewa. Mnong'ono ukapita kwenye viti. Kisha Deo akasimama, nami nikasogea hatua moja kuelekea njia.

Alikwenda moja kwa moja kuelekea mezani. Alipokaribia akakata kona, akazunguka mpaka upande wa sikio la kulia la ile picha, akainama, akasema na kaka yake.

Alichosema sikukisikia. Baadaye wajomba nao walienda mmoja mmoja, na wote walipita upande uleule.

Wakuu, pua haikufanana sana, nakubali. Na woga haukuniacha, ulikuwa nami mpaka brashi ya mwisho. Nilidhani ujasiri unakuja kwanza ndipo mtu achore. Kwangu mimi haukuja, nikachora hivyohivyo.

Saluni bado nazichora kwa viraba, tumbo halina subira. Lakini siku hizi nashuka ufukweni na karatasi, nawachora watu wakiwa kazini, na wengi wao wananicheka.

Kama nawe unaficha kazi yako kwa hofu, tuambie hapa ni nini kinakuzuia. Na wachoraji wenzangu, shingo ya mtu aliyegeuka mnaishikaje? Hadi leo inanisumbua.