Rupia Kumi za Benki Mpya

Alhamisi iliyopita, karibu na adhuhuri, nilisimama nyuma ya bibi mmoja kwenye kaunta ya benki hapa Maskati. Alikuwa anatoa akiba yake yote, fedha za bangili alizouza tulipotoka Unguja, kwa sababu benki mpya ya jirani inampa rupia kumi kila anayehamia kwao.

"Nikuandikie hundi, bibi," karani alimsihi. "Utawapa wao, hutobeba kitu."

"Karatasi za benki nnazo, mwanangu. Za Unguja, tele sandukuni. Nipe fedha nizione."

Akazifunga kwenye pindo la kanga, akashusha buibui juu yake, na mkono haukuliachia tena lile fundo. Tulitoka pamoja. Benki mpya tuliikuta imefungwa mpaka Jumamosi, maana Ijumaa hapa benki hazifunguliwi. Tukarudi mbio kwa karani, naye alikwishafunga.

"Pole, bibi," nikamwambia.

"Usinipe pole kwa sauti, Mwalimu! Watu watauliza pole ya nini."

Nilimsindikiza hadi kwake. Nikiwa nje nilimsikia akitia komeo, kisha akiburura kitu kizito mpaka mlangoni.

Sisi tuliopoteza vyote mara moja hatuamini karatasi, na fedha taslimu nazo hazituachi tukalala.

Jumamosi asubuhi nilimkuta benki mpya, macho mekundu. Karani wa huko alimkabidhi rupia kumi, akampongeza kwa zawadi yake.

"Zawadi gani, mwanangu?" alisema bibi. "Huu ni mshahara wa mlinzi."