Majivu Jukwaani

Watu wa Kisii mjini wanamkumbuka Abner Machogu kwa ufagio wake. Mimi namkumbuka kwa mlango, na kwa kuwa mlango wenyewe niliuagiza mimi, acha nieleze kabla wengine hawajaeleza vibaya.

Abner alikuwa mfagiaji wa ukumbi wetu, jengo la mabati kando ya barabara ya Daraja Mbili ambalo zamani lilikuwa ghala la kahawa. Kwao ni upande wa Nyamira. Alikuwa mzee mwembamba, amefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache na viatu vya akala. Kila asubuhi alinyunyiza maji sakafuni ndipo afagie, na ole wako ukanyage kabla hapajakauka. Jumatatu akina mama walisuka vikapu. Jumatano fundi mmoja wa Tabaka alifundisha kuchonga mawe ya sabuni. Jumamosi tulifunga, maana nusu yetu ni Wasabato na tulikuwa kanisani Nyanchwa, na Jumapili alasiri palikuwa na maigizo, kisha mjadala. Mjadala ndio uliojaza ukumbi. Mgusii unaweza kumnyima chai akakusamehe, lakini usimnyime nafasi ya kubisha. Mambo yote tuliyafanya kwa Kiswahili ili akina Shariff wa duka la nguo na wageni wengine wa mjini wasiachwe nje. Mimi, Orpah, mwalimu wa ushonaji, ndiye niliyekuwa msimamizi, mtunzi na mpiga kelele wa hapo.

Jumapili moja mwaka 1972 tulikuwa tukijadili mila. Abner, ambaye hakuwahi kusema neno mbele ya watu, aliegemeza ufagio ukutani akasimama. Alisema palikuwa na mzee mmoja aliyesikia mjukuu wake akilia ndani ya nyumba ya mwanawe. Mwana alikuwa kazini Kericho, na mkamwana amekwenda mtoni. Na kwetu, mgeni ajue, baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, ile haya na heshima iliyo kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Nyumba ile ina kitanda cha mwana na mkewe, na jicho la baba halina ruhusa huko. Mzee yule alisimama nje akaita, hakuitikiwa, akakimbia kutafuta mwanamke wa kuingia. Waliporudi, mtoto alikuwa amenyamaza, na hakulia tena. Abner alikomea hapo, akachukua ufagio wake.

Watu walibishana hadi jua likazama. Shariff aliuliza mara tatu kwa nini mzee yule asingeingia tu, na mara tatu akajibiwa kwamba yeye ni mgeni. Mimi sikubishana. Mimi niliona mchezo.

Kwa wiki mbili nikawa nimeshauandika, ila mwisho niliubadili. Mzee wangu angeingia na kutoka na mtoto akiwa hai. Nafasi ya mzee nilimpa Abner, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kusema jambo lile bila kulitia chumvi. Mke nilimpata kwa wasuka vikapu, naye ni Kemuma, mkamwana wa Abner mwenyewe. Na kwa kuwa hajazaliwa mume wa Kigusii wa kukubali mkewe aitwe mke wa mwingine hata kwa dakika kumi, mume akawa mumewe wa kweli, Nyangau, seremala. Walikubali wote bila kuniuliza swali. Nilijiona mjanja kweli.

Siku tatu kabla ya onyesho, Bosibori, jirani yao wa Nyamira, alikuja kushonewa gauni akaniuliza kama nimeingiwa na wazimu. Mzee wa ile hadithi alikuwa Abner. Mwanamke aliyekimbiliwa alikuwa yeye Bosibori, akipalilia wimbi ng'ambo ya kijito. Mtoto alikuwa Mokeira, msichana wa miezi kumi, aliyeshikwa na degedege mwaka 1964 juu ya kitanda cha Nyangau na Kemuma. Miaka minane watu wale watatu walikuwa wakila chungu kimoja bila kulitaja jina lake.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nilimwendea Abner nikamwambia mchezo nimeufuta, na anisamehe. Aliendelea kunyunyiza maji.

"Mwalimu, usiufute," akasema. "Nataka kuingia."

Nikamkumbusha chinsoni, kana kwamba yeye ndiye wa kukumbushwa.

"Hiyo ni nyumba ya mchezo tu. Hakuna mtu amelala ndani. Wacha niingie mara moja, nione vile mtu huingia."

Tangu saa ile sikutaka kitu kingine duniani. Ukumbi ungeweza kuanguka, mradi mzee yule apite kwenye mlango ule siku ya Jumapili.

Sasa nyumba yenyewe. Mimi niliagiza fito na magunia. Lakini akina mama wa Jumatatu hawajui kufanya kitu nusunusu. Nyangau alipokwisha kusimamisha fito jukwaani, wao walileta udongo wakakandika, wakaezeka nyasi, wakaweka mafiga matatu na kitanda cha kamba. Nilicheka nikawaambia imebaki kuku tu. Jumapili asubuhi, siku niliyompa Abner ruhusa asifagie, niliingia ukumbini nikasikia harufu ya moshi.

Mafigani palikuwa na majivu ya moto bado. Sufuria ilikuwa imesuguliwa, imefunikwa. Blanketi lilikuwa limekunjwa kitandani, na Kemuma alikuwa akifunga kitambaa kichwani kama mtu aliyeamkia kwake. Walikuwa wamelala mle usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, ukumbi ukiwa umefungwa, yeye na mumewe, wakapika na wakala. Nyangau alitazama kucha zake akasema walikuwa wakilinda taa ya karabai isiibwe.

Nyumba ambamo mwana amelala na mkewe, moto ukawaka na ugali ukaiva, hiyo si ya mchezo tena, hata ikiwa imejengwa juu ya mbao katika ghala la kahawa. Shariff angecheka. Hakuna Mgusii angecheka. Nilimwambia Kemuma azoe majivu upesi, aondoe blanketi, afungue madirisha moshi utoke, na mzee hatajua. Akasema hazoi. Nikashika kizoleo mimi mwenyewe. Akaketi mbele ya mafiga, akanyoosha miguu, na kwa umbo alilojaliwa Kemuma, kumhamisha kungetaka ng'ombe wawili. Nilimuuliza mzee amemkosea nini.

Nilidhani ni kisasi. Nilidhani amengoja miaka minane ili amfungie mkwewe mlango mbele ya umma, na nilimchukia Kemuma siku ile kwa moyo wangu wote.

Ilipofika saa nane ukumbi ulikuwa umejaa mpaka vijana wakakaa madirishani. Mogaka, mkubwa wa ukoo wao, alikuwa ameshuka kutoka Nyamira na wazee watatu, na walikaa benchi la mbele, bakora katikati ya magoti. Nilijua maana ya benchi lile. Mzee anayevunja chinsoni huchinja mbuzi wa utakaso, na mpaka siku hiyo haketi vikaoni na wenzake, wala neno lake halisikilizwi matangani. Nilikwenda nyuma ya pazia nimwambie Abner. Nikamkuta amevaa koti lake la kanisani, midomo ikimchezacheza, anayarudiarudia maneno niliyomwandikia. Sikuweza kumwambia. Nilikuwa mwoga, wala sitafuti udhuru.

Tukaanza. Nyangau aliaga kwenda Kericho. Kemuma alichukua mtungi akaenda mtoni, yaani nyuma ya nyumba. Kitandani palikuwa na kitambaa kilichofungwa kama mtoto, na nyuma ya pazia mwanamke mmoja wa vikapu alianza kulia kilio cha kitoto, akakipatia hata nywele zikanisimama. Abner akatokea. Akaita. Akaita tena. Alikuja mpaka mlangoni na akainua mguu.

Mguu ukabaki hewani. Mtu aliyezoa majivu maisha yake yote hadanganywi na majivu. Aliona mafiga, akaona sufuria, akaona blanketi. Akaurudisha mguu nje, polepole.

"Nani amelala hapa?" akauliza. Maneno hayo hayakuwemo katika mchezo.

Kemuma alitoka nyuma ya nyumba akasimama pembeni mwa mlango, macho chini, kama inavyompasa mkamwana mbele ya mkwewe.

"Ni sisi, tata," akasema.

"Mbona?"

"Ungeingia ya mchezo, mtoto angebaki analia kwa ile ingine." Akaonyesha mafiga kwa kidole. "Nimepika humu. Nimelala humu. Hii ni nyumba yangu, na mimi ndiye nakuambia. Tata, soa."

Ingia, baba. Ndivyo alivyosema. Na mimi niliyezoea kuwaandikia watu maneno, nilijiona mpumbavu kuliko wote waliokuwa mle ndani.

Abner alimtazama mwanawe. Nyangau alikuwa kando ya pazia na machozi yakimtiririka kidevuni, asiyapanguse. Aliitikia kwa kichwa. Ndipo Abner akageuka kutazama benchi la mbele. Mogaka alikuwa ameinua bakora yake kidogo tu, kipimo cha kiganja kutoka sakafuni, na kila mzee mle alielewa kuwa ni onyo. Sauti moja nyuma ilisema asiingie. Nyingine, ya mwanamke, ikasema aingie. Mama aliyekuwa akilia nyuma ya pazia alikuwa amesahau kazi yake, na sasa kilio kilikatika kabisa.

Nadhani kile kimya ndicho kilichomsukuma. Abner aliinama, akapita mlangoni, akaingia.

Nilikuwa nimeandika kwamba atamwinua mtoto juu watu wamwone, na wapige makofi. Hakumwinua. Alikichukua kile kitambaa kitandani, akaketi sakafuni kando ya mafiga, akakipakata. Alitugeuzia mgongo, na mgongo ule ulikuwa ukitikisika. Tulingoja. Hakutoka. Mwishowe nilivuta pazia mimi mwenyewe, na hakuna aliyepiga kofi hata moja.

Lakini ada ya ukumbi ilikuwa mjadala baada ya mchezo, na hakuna aliyeondoka. Abner alipotoka nje ya pazia, koti lake likiwa na majivu, Mogaka alisimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa ngurumo. Alisema taratibu, karibu kwa upole, na hapo nikakumbuka kuwa hawa wawili walitahiriwa mwaka mmoja.

"Machogu, sisi ni wazee, hatukuja kutafuta mbuzi wa mtu. Tumeona mbao, tumeona pazia ya Shariff. Hapa ni mahali pa mchezo. Sema tu uliingia mchezo, twende zetu tukanywe chai."

Ulikuwa mlango mwingine, na huu ulikuwa wazi kabisa. Nilimwombea Abner apite. Neno moja tu, na angerudi kwao na heshima yake yote, akae na wenzake jioni hiyo hiyo. Shariff, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameelewa kila kitu, alinong'ona, "Sema, mzee, sema." Nyangau alishika mkono wa mkewe mbele ya watu, jambo ambalo pia halifanywi.

Abner alijipangusa majivu gotini. Alimtazama Kemuma kwanza, kisha akamtazama Mogaka.

"Mbuzi nitaleta," akasema. "Niliingia nyumba ya mwanangu. Nilichelewa tu miaka minane."