Maganda ya Miwa Yangu

Njia ya kwenda mtoni ilipita kwangu. Naanza na hilo lisije likasahaulika, maana ukimsikia mwenzangu akisimulia utadhani mto wenyewe ulizaliwa uani kwake.

Mwenzangu ninayemsema ni mke wa ndugu ya mume wangu. Tulipewa mashamba yanayopakana, huko chini ya mji wa Nyeri. Yeye alipata tambarare kando ya barabara, mimi nikapata mteremko hadi majini. Hakuna aliyeniuliza.

Baada ya uhuru, pale ambapo wazungu walikuwa wakivua samaki peke yao, watu wetu nao walianza kuja. Walimu, makarani, polisi waliotoka magharibi mwa nchi, kila Jumapili baada ya kanisa, na mikeka yao na sufuria na redio. Waliita pikiniki. Sikuona ubaya wa mtu kupumzika. Ubaya ni kwamba gari waliacha kwa mwenzangu, hodi wakapiga kwa mwenzangu, chai wakanywa kwa mwenzangu, kisha wakateremka katikati ya viazi vyangu wakinipungia mkono kana kwamba mimi ni mti wa mpakani. Wakirudi walimwachia mkate uliobaki na mikebe yenye vifuniko. Ile mikebe! Aliipanga dirishani, upande wa kwangu, makusudi.

"Wageni wangu jana walikuwa wengi," aliniambia siku moja tukiteka maji.

"Hao wageni wako wanapitia kwa nani?"

"Kwani njia inaliwa, mwenzangu?"

Sasa, kwetu mpita njia mwenye njaa hanyimwi muwa. Anakata, anakaa papo hapo, anatafuna, na maganda anayaacha kwenye shina. Mwenye shamba akiyaona anajua ni njaa iliyopita. Akikuta shina limekatwa na maganda hayapo, basi huyo amebeba, ni mwizi. Hata mtoto alijua hivyo.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikakuta miwa yangu ya kando ya mto imekatwa, na chini kumekuwa safi kama kumefagiliwa. Ganda hata moja hakuna. Nilifurahi. Sikwenda kwa wale wa pikiniki moja kwa moja; nilipanda mlima kwanza kumwita mwenzangu, aone kwa macho yake wageni wake ni watu gani. Alikuja na unga mikononi.

Tuliwakuta wameketi kwenye majani.

"Nani amekata miwa yangu?"

Mwalimu mmoja, mama mpole mwenye sauti ya watu wa magharibi, alisimama. "Ni sisi, mama. Watoto walikuwa na njaa. Tuliambiwa mtu hakatazwi."

"Hakatazwi kula. Kubeba je?"

"Hatukubeba, mama."

"Basi maganda yako wapi?"

Wakatazamana. Karani mmoja wa kutoka Sagana akavuta gunia nyuma ya jiwe, akalifungua. Ndani mlikuwa na maganda ya miwa, ya mayai, karatasi za mkate na chupa, vyote pamoja.

"Huyu mama wa juu," akasema akimwonyesha mwenzangu kwa kidevu, "alituonya tusiache uchafu wowote kwako. Ati utatukimbiza na jembe."

Wakacheka. Mwenzangu ndiye aliyecheka zaidi, akajipaka unga usoni akipangusa machozi.

Kicheko nilikiweza. Kilichoniuma ni kwamba hata heshima yao kwangu ilipitia kwake kwanza, kama maji ya mfereji.

Nililivuta lile gunia, nikachambua maganda ya miwa peke yake, nikayarudisha kwenye shina. "Chupa na karatasi bebeni mwende nazo, hapo mmefanya vizuri. Maganda ya muwa niachieni, mimi ndiye ninayeyaangalia. Sabuni ya kuoshea sufuria mtumie chini ya jiwe lile, maji yanakoelekea; juu yake tunateka ya kunywa. Na mkitaka kujua ya shamba hili, mwulizeni mwenye shamba."

"Ndiyo, mama," mwalimu akasema. "Lakini hodi tupige wapi, na huku hakuna mlango?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Wiki hiyo nilimsumbua mume wangu mpaka akasimamisha nguzo mbili na lango la mbao pale njia inapoingia kwangu.

"Lango la nini, na ua hakuna?"

"La kupigia hodi."

Mwenzangu aliliona kutoka kwake, akapaza sauti kuuliza iwapo ng'ombe wangu wamejifunza kufungua milango.

Jumapili wakaja. Chai walikunywa kwake, kama kawaida, na mkebe mwingine ukaingia dirishani, niliuona. Kisha wakateremka. Mtu angeweza kulizunguka lile lango bila hata kuinua mguu, lakini mwalimu alisimama mbele yake, na wengine wakasimama nyuma yake.

"Hodi hapa, mama!"

Nilikuwa nyuma ya migomba, nimesimama tangu nitoke kanisani. Sikuitikia. Nilingoja apige tena, kwa sauti ya kufika kule juu kwa mwenzangu.