Benchi la Kuungama

Mara ya kwanza mzee wa rika la baba yangu aliponiamkia shikamoo, niliona aibu. Nikamwambia, "Baba, usinitie dhambini, mimi ndiye wa kukuamkia." Akacheka, akasema mwalimu wa kanisa anaamkiwa na wote. Mwaka haukupita, nikawa naitikia marahaba bila hata kusimamisha baiskeli.

Hiyo ilikuwa Chiungutwa, miaka ile biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao kufuata korosho. Ushirika ulikuwa hoi. Watu hawakuwaamini wanunuzi, na walikuwa na haki, basi wakaniomba nisimame karibu na mizani. "Mwalimu ukiwepo, mizani haisemi uongo," walisema, Wakristo kwa Waislamu. Nikasimama. Siku ya pili waliniletea kiti, na nilikipenda kile kiti, niseme ukweli.

Msimu huo huo binamu yangu alifika kwa baiskeli kutoka Mnyambe, vumbi mpaka kwenye kope. Mama yangu alikuwa hoi kitandani, ananiita. Nilimwambia binamu atangulie, ningekuja tukimaliza kupima. Kupima kulichukua siku mbili. Wazee wenyewe waliniambia, "Nenda kwa mama, mwalimu, hapa tutaangalia sisi." Nikajibu kwamba siwezi kuwaacha. Wakatikisa vichwa kwa kunistahi, nami moyoni najua kinachonishika: niliogopa mizani isije ikaenda sawa bila mimi.

Nilipomaliza kupandisha mlima nikikokota baiskeli, watu wa Mnyambe walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Dada yangu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia tu kwamba kila kengele ya baiskeli ilipolia njiani, mama aliuliza kama ni mimi. Kisha mzee mmoja wa kanisa la pale akasimama msibani, akawaambia waombolezaji waige mfano wangu, mtu aliyewatanguliza watu kuliko mama yake mzazi. Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Tangu hapo sala ilinikauka. Mbele ya watu niliomba vizuri kuliko zamani, hata kina mama wakalia. Nikipiga magoti peke yangu chumbani, nilijikuta nachagua maneno mazuri mazuri, kana kwamba kuna mtu anasikiliza nyuma ya ukuta. Mungu simwoni, najisikia mwenyewe tu. Kuna siku nilimweleza mke wangu kwamba nimepotea. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Umechoka tu, baba. Mungu gani atakukataa wewe?" Nikatamani kupiga yowe.

Kulibaki kuungama. Padre alitujia kutoka Masasi mara chache, na karibu na Pasaka alikuwa akiketi kwenye kiti pembeni ya altare, shingoni stola ya zambarau, kile kitambaa cha kuungamishia, watu wakisubiri zamu kwenye benchi. Kazi ya kuwapanga ilikuwa yangu. Huyu nimwinue, yule nimsogeze, miaka yote ile. Na kwa kuwa mimi ndiye mpangaji, hakuna aliyejiuliza mbona mwenyewe siungami.

Pasaka iliyofuata niliamua. Wa mwisho alipopiga magoti mbele ya Padre, nilikwenda nikaketi kwenye benchi lile tupu. Maneno nilikuwa nayo tayari, mabaya, hayana pambo: nilimwacha mama yangu afe akinisubiri, kwa ajili ya kiti. Mlangoni walikuwepo kina mama watatu wenye matawi ya kupambia kanisa, wananitazama kwa ile heshima yao. Nikasema potelea mbali, na waone.

Yule wa mwisho akainuka, akatoka. Padre akageuza uso, akanikuta nimeketi. Akatabasamu kwa uchovu, akaanza kuvua stola.

"Wamekwisha, mwalimu?"

Kumbe neno moja tu lilitosha, hapana. Nililitafuta kinywani. Kina mama walikuwa bado wanatazama.

Nikasimama. "Wamekwisha, Padre," nikasema, nikaipokea ile stola na kuikunja vizuri, kama nilivyozoea.